Kitambaa cha Mama Sukhdai

Kwa miaka arobaini na mmoja Ulric Semple aliwavika majaji na kuwavua, na katika muda wote huo hakupata kukutana na jaji hata mmoja aliyeweza kufunga kola yake mwenyewe. Watu waliokuwa na uwezo wa kumpeleka binadamu mwenzao kitanzini saa nne asubuhi, saa tatu na nusu walikuwa wamesimama mbele yake wameinua kidevu, kama mtoto anayefungwa vifungo vya shati la shule. Semple alidai hilo halikumpa kiburi. Mkewe, Waveney, alikuwa na maoni yake.

Kwenye daftari la serikali cheo chake kilikuwa mhudumu wa jaji, daraja la pili. Mawakili wa Georgetown walimwita Askofu, kwa jinsi alivyobeba majoho mikononi, ameyatanguliza mbele kana kwamba yana roho. Kila asubuhi hakukosa mmoja wa kumchokoza kwenye ngazi: "Askofu, Mungu wako ameamkaje leo?" Naye, bila kupunguza mwendo: "Hajanywa chai. Ombeni kuahirisha."

Aliingia kazini mwaka 1968, chini ya Percival Benn, mtu mwembamba aliyeyatunza majoho tangu siku za magavana. Benn hakuwa na mafundisho mengi. Alifundisha kwamba jaji hashiki joho mpaka avishwe, na kwamba pasi haigusi sufu kabla ya kujaribiwa juu ya gazeti. Kwa hili la pasi alikuwa mkali kupita kiasi. Mwezi mzima alimfanya Semple aunguze magazeti, akiyanusa moja moja. "Usiniulize nimejuaje," alisema, na Semple, ambaye alilelewa vizuri, hakuuliza.

Halafu palikuwa na utepe. Majoho ya kesi za jinai yalikuwa mekundu, kama kwingineko, lakini katika mahakama ile kila joho lilikuwa na utepe mweusi wa upana wa vidole vitatu kwenye mkono wa kushoto, karibu na kifundo. Mkono wa kulia haukuwa na kitu. Mgeni akiuliza, Semple alieleza kama alivyoelezwa na Benn: ni maombolezo ya mfalme aliyekufa mwaka 1936, majaji wa wakati huo waliona si adabu kuuvua, na waliowafuata wakaona si adabu kuuliza. Wakili mmoja aliyezoea kushindwa alikuwa na tafsiri yake. Alisema mkono wa kushoto ni wa adhabu na wa kulia ni wa huruma, ndiyo maana wa kulia ni mtupu.

Semple aliupenda utepe ule kuliko alivyopenda vitu vingi vyenye faida. Joho jipya likitoka kwa fundi, utepe aliushona mwenyewe, kwa mkono, mishono sabini na miwili, hesabu ya Benn.

Jaji Drupattie Mangal alikuja mwaka 1995 kutoka Corentyne, binti wa wakulima wa mpunga. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, iliyowalazimu mawakili kunyamaza ili waisikie, na walipoisikia wakakuta wamekwisha kushindwa. Kila Ijumaa alimletea Semple roti, chapati za kwao, na boga, zilizofungwa kwenye karatasi. Zilipikwa na mama yake, aliyezituma mjini kwa dereva mmoja wa basi, kwa kuwa madereva wengine, kwa maneno ya mama huyo, walikuwa na njaa usoni. Semple alimheshimu jaji huyu. Tuseme kweli, alimpenda, kama mtu anavyompenda mkubwa wake wa kazi anayesema asante.

Wiki tatu kabla ya ufunguzi wa vikao vya mwaka 1997, Jaji Mangal aliingia chumba cha majoho akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akatoa mkobani kipande cha kitambaa cheupe cha pamba, kilicholainika kwa kufuliwa, ukingoni kina maua madogo ya uzi wa njano. Kilikuwa pindo la mtandio wa mama yake. Mama huyo, Sukhdai, alikuwa ameuvaa kichwani miaka na miaka akipandikiza mpunga, maji yakimfika magotini. Pindo alilikata kwa mkasi wake mwenyewe na kulipiga pasi.

Jaji alitaka lishonwe kwenye mkono wa kulia wa joho lake. Kwa siku ya ufunguzi tu; kesho yake lifumuliwe.

Akaeleza sababu, ingawa jaji halazimiki kumweleza mhudumu wa daraja la pili. Mama alikuwa na miaka themanini na mmoja, na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Madaktari waliogopa kumpasua kwa sababu ya moyo wake dhaifu. Rangi aliziona, sura hakuziona. Hajawahi kumwona binti yake akiwa jaji. Safari hii anakuja, siku nzima ya barabara na kivuko, asimame nyuma ya kamba pamoja na umati huku majaji wakipita kwenda kukagua gwaride la polisi.

"Ameniuliza, 'Babsi, saba wekundu watupu, mimi nitajuaje wangu?'" Jaji Mangal alikinyoosha kitambaa juu ya ubao wa pasi. "Babsi ni mimi, nyumbani. Bwana Semple, jina hilo likitoka nje ya chumba hiki nitakufunga miezi sita."

Semple alikipokea kitambaa kwa mikono miwili. "Nitalishughulikia, Mheshimiwa."

Katika utumishi wa serikali jibu hilo lina maana nyingi, na neno ndiyo ni moja ya zile zisizotumika sana. Jaji Mangal alikuwa akilipwa kutambua majibu ya namna hiyo. Siku hiyo hakulitambua. Alisema asante.

Semple hakutaka. Mwacha mila ni mtumwa, alijiambia. Leo mtandio wa mama, kesho mwingine ataleta beji ya timu yake ya kriketi, na keshokutwa tutawatofautishaje majaji na bendi ya tarumbeta? Akaenda kwa msajili kuomba kitabu cha kanuni, apate cha kusimamia. Kanuni ya majoho ilikuwa na mistari miwili: joho liwe jekundu, na liwe safi. Utepe mweusi haukutajwa popote. Mtu mwingine angeona hapo mlango uliachwa wazi. Semple aliona kwamba utepe ni jambo kubwa mno, hata halikuhitaji kuandikwa.

Nyumbani alimsimulia Waveney, aliyekuwa akikuna nazi ya wali. Waveney hakuacha kukuna.

"Ulric, mama wa watu ameomba kumwona mtoto wake. Hajaomba kubadilisha katiba."

"Wewe hujui mambo ya mahakama."

"Najua mambo ya mama. Mwambie jaji wako ndiyo, au mwambie hapana. Ila usimfanyie hiyo yako ya katikati."

Lakini hiyo yake ya katikati ndiyo aliyoiishi maisha yake yote. Hapana hakuweza kuisema. Hakuwa na cheo cha kusema hapana. Neno ndiyo nalo halikumtoka. Basi akachukua sindano, akakishona kitambaa cha Mama Sukhdai ndani ya joho, kwenye bitana, upande wa kushoto wa kifua. Alishona vizuri ajabu. Hata Benn angetafuta kasoro akaikosa. Kitambaa kipo kwenye joho, alijiambia, kama ilivyoagizwa, tena kipo juu ya moyo, mahali pa heshima kuliko mkono. Na mila haikuguswa. Akafunga kabati akiwa amemridhisha kila mtu, isipokuwa wale wawili waliohusika.

Siku ya ufunguzi aliifuata ile kanuni ya kwanza ya Benn kwa uangalifu kuliko siku zote. Jaji hashiki joho mpaka avishwe. Aliwavika wengine sita kwanza, mmoja mmoja, bila haraka, akamwacha Jaji Mangal awe wa mwisho. Alipomwingiza mikono, bendi ya polisi ilikuwa imekwisha kuanza kupiga nje. Jaji akainua mkono wa kulia, akauzungusha.

"Kiko wapi?"

"Kipo, Mheshimiwa. Kiko ndani, upande wa moyo." Akamfunulia bitana.

Jaji Mangal aliyatazama maua ya njano. Akaitazama saa ya ukutani. Kisha akamtazama Semple usoni, kwa muda ambao Semple aliupima baadaye mara nyingi, na kila alipoupima ulikuwa umeongezeka. Hakumkemea. Karani aliita mlangoni kwamba wenzake wamekwisha kupanga mstari. Akatoka.

Semple alifuata mpaka varandani, kwa kuwa joho huangaliwa hadi lifike barabarani. Mama Sukhdai alimtambua bila kuonyeshwa: kikongwe mdogo kama kifurushi, juu ya kiti cha kukunja, nyuma ya kamba, kichwani mtandio mweupe ambao upande mmoja haukuwa na pindo. Majaji walipotokeza aliinuka. Uso wake ukaanza kutoka kwa mwekundu mmoja kwenda kwa mwingine, polepole, kama mtu anayehesabu kuku wakati wa kuwafungia. Jaji Mangal alikuwa wa tano. Mkono wa kulia alikuwa ameuinua kidogo mbele ya kifua, kadiri adabu ya gwaride inavyoruhusu, na mkono ule ulikuwa mwekundu mtupu. Uso wa mama yake ukampita.

Wa sita alikuwa Jaji Fraser, mwanamume wa kilo mia na kumi, na jua lilikuwa limemshinda. Akachomoa leso kubwa nyeupe, akaishika kwa mkono wa kulia, akajipangusa shingo.

"Babsi!" Mama Sukhdai aliita. "Babsi, mwanangu! Niko huku!"

Akampungia mikono yote miwili. Jaji Fraser hakumjua Babsi, lakini alikuwa mtu wa malezi mema. Akamwelekea bibi yule akamwinamia kichwa. Kikongwe akaketi, akafunika uso kwa mtandio, akalia. Hatua mbili mbele, Jaji Mangal alikuwa ameisikia sauti ile, ambayo angeitambua hata usingizini. Kwenye gwaride jaji hageuki nyuma. Hakugeuka. Hiyo nayo ni mila.

Mpwa wake aliyekuja naye alimwahisha bibi kwenye kivuko cha mchana, kwa hiyo mama na binti hawakuonana mpaka Jumapili, jaji alipokwenda Corentyne. Jumatatu alisimama mbele ya Semple, kidevu juu, akaongea akiitazama dari.

Mama amefurahi, alisema. Amekiambia kijiji kizima kwamba binti yake, mbele ya polisi na mawaziri, alimwinamia kichwa. Jirani mmoja aliyekuwa na picha ya gazeti alitaka kuleta ubishi, akafukuzwa na fagio.

"Ila ameniuliza nimenenepa lini hivyo," alisema Jaji Mangal. "Nimemwambia ni chakula cha mjini."

Hapo palikuwa na mahali pa kucheka. Semple hakucheka, na jaji hakucheka. Neno samahani lilikuwa limemfika Semple kwenye meno. Lakini samahani ingemlazimu kukiri kwamba alikuwa na chaguo, naye maisha yake yote aliyajenga juu ya kutokuwa nalo.

"Kidevu, Mheshimiwa," alisema, akafunga kola.

Mama Sukhdai alikuwa ameahidi kwamba mwakani atakuja tena, na atakaa karibu zaidi. Alifariki Julai. Ijumaa zikawa Ijumaa za kawaida, bila karatasi yenye roti na boga. Jaji Mangal aliendelea kumwita Bwana Semple na kumwambia asante kila kola ilipofungwa. Laiti angempigia kelele, Semple angalau angepata cha kumlalamikia kwa Waveney. Kitambaa hakuagizwa kukifumua, naye hakuthubutu kukumbusha. Kikabaki ndani ya bitana, kikienda na kurudi chumba cha mahakama, kikisikiliza kesi.

Januari 2005 maji yaliifunika Georgetown. Mahakamani yaliingia ghala la chini, lilimokuwa kasha la Benn, na ndani ya kasha lile joho kongwe kuliko yote, lile la 1936, ambalo tepe zote nyeusi zilipimwa kutoka kwake. Semple alilibeba likichuruzika mpaka chumba chake cha juu. Sufu iliyolowa haikauki ikiwa imebanwa mara mbili. Ilibidi utepe ufumuliwe. Alifumua mishono sabini na miwili ya Benn kwa ncha ya wembe, akiomba radhi kila mshono.

Chini ya utepe palikuwa na tundu. Si la nondo. Lilikuwa na ncha mbele na mabega mawili mviringo, kingo zake zikiwa za kahawia iliyokolea. Mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa pasi angelitambua: ni pua ya pasi ya makaa, iliyoachwa mahali pamoja wakati mwenye pasi ameitwa, au anapiga soga, au ameona msichana akipita dirishani.

Semple alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Akayakumbuka magazeti aliyounguza mwezi mzima. Mfalme alikuwa amekufa kwa wakati mzuri sana kwa Percival Benn. Benn alishona kipande cheusi juu ya kosa lake, akampa jaji wake uso wa huzuni, na jaji akaona ni jambo la heshima. Majaji wengine wakaona wivu, nao wakadai wavikwe maombolezo yao. Miaka sitini na tisa. Na yeye kwa ajili ya tundu lile alikuwa amemnyima kikongwe mwanawe.

Angeweza kuushona upya na kunyamaza. Benn alinyamaza, na akazikwa kwa heshima. Semple alilichukua joho lile, likiwa bado bichi, akaenda kubisha ofisini kwa Jaji Mangal.

Jaji aliliweka tundu chini ya taa ya meza. Alilitazama kama anavyotazamwa shahidi.

"Kwa hiyo sote humu tumeivaa pasi ya Bwana Benn."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na mimi nilitaka kuvaa mtandio wa mama yangu, asubuhi moja."

"Ndiyo, Mheshimiwa." Kisha akalisema lile neno samahani, likiwa limechelewa miaka minane. Alisema pia kwamba angeweza kukihamisha kitambaa leo hii, kwenda mkono wa kulia, kikae siku zote, na atakayeuliza aje amuulize yeye.

Jaji alilikunja joho kongwe, mkono juu ya mkono, vizuri kuliko Semple alivyotegemea kwa jaji.

"Kiache palepale, Bwana Semple. Aliyekuwa akinitafuta kwa hicho kitambaa hanitafuti tena."

Akamwambia asante kwa kuja. Semple aliushona utepe mahali pake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asiushone. Alipomaliza, mishono ilikuwa sabini na mmoja, na hakurudia.

Jaji Mangal alistaafu mwaka 2008. Siku ya mwisho Semple alimfumulia kitambaa. Jaji akakitia mkobani pamoja na miwani na tiketi, akarudi Corentyne. Joho akapewa Jaji Keron Alleyne, kijana msomi aliyependa mambo ya kale kwa moyo wa mtu ambaye hayajamgharimu. Siku ya kwanza tu akaona kwenye bitana mstari wa vitundu vya sindano. Akauliza ilikuwa desturi gani.

Semple alikuwa amejiapiza kutokuwa Benn. Alisimulia yote: kitambaa, mkono wa kulia, mtoto wa jicho, leso ya Jaji Fraser. Hakuacha kitu ila jina la Babsi. Jaji Alleyne alitokwa na machozi. Akasema historia kama hiyo haiwezi kuachwa ipotee. Akaomba ashonewe kipande cheupe mkono wa kulia, kwa heshima ya Jaji Mangal na mama yake.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Semple.

Ilikuwa hapana yake ya kwanza mbele ya jaji tangu 1968, na alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Ilikuwa imemkalia mdomoni miaka yote ile ikingoja wakati ambapo haina kazi. Jaji Alleyne alisema anaiheshimu sana kauli ya mzee. Mchana akaenda kwa fundi wa Mtaa wa Regent.

Mwaka uliofuata waliovaa kipande cheupe walikuwa watatu. Hapo Semple naye akastaafu.

Alikwenda kuwatazama kwenye ufunguzi wa 2012, kwa ajili tu ya kuzoea kutokuwa na kazi. Walisimama nyuma ya kamba, yeye na Waveney, upande uleule kilipowekwa kile kiti cha kukunja. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu, na daktari alikuwa amelipa jina ambalo Semple alilijua: mtoto wa jicho. Bendi ikaanza. Majaji saba wakatoka mlango mkuu: majoho mekundu saba, tepe nyeusi saba upande wa kushoto, na upande wa kulia vipande vyeupe saba, vyenye maua ya njano ya cherehani, vyote vya kipimo kimoja. Mtu wa karibu alikuwa akimweleza mgeni kwamba ile nyeupe ni ya tangu enzi za magavana.

"Alleyne wako ni yupi?" aliuliza Waveney.

Semple alitazama kutoka mwekundu mmoja hadi mwingine, polepole.

"Sijui," alisema.

Jua lilikuwa kali. Wa nne kwenye mstari alichomoa leso akajipangusa uso. Waveney akampungia mkono, kwa tahadhari, huenda ndiye.